Kifua Safi, Figo Ghali

Bahasha ya kaki aliyoiweka mezani, katika mgahawa mmoja wa Ngarenaro, ilikuwa imelegea pembe zote nne kwa kulaliwa chini ya godoro miaka nenda rudi. Ndani yake mlikuwa na filamu ya eksirei ya kifua na kadi ya matibabu ya kifua kikuu iliyojazwa hadi mwezi wa mwisho. Mwenye bahasha alikuwa mwanaapolo, yaani mchimbaji wa madini, wa Mererani kabla mapafu hayajamtoa mgodini. Wakati huo, miaka michache iliyopita, alikuwa na duka dogo la vipuri vya pikipiki, mke, mtoto mmoja, na taarifa ya kuchaguliwa katika bahati nasibu ya viza ya Marekani. Aliinua ile filamu akaielekeza dirishani, akanionyesha kwa ncha ya kidole mahali ambapo, sehemu ya juu ya pafu la kulia, palibaki weupe kama ukungu wa asubuhi. Kisha akauliza kilichomleta: "Kaka, hii niichome moto, au niende nayo?"

Nilimjibu aende nayo, na nitaeleza sababu. Lakini swali lenyewe lastahili kuchambuliwa, kwa kuwa nimelisikia kwa sura nyingi hapa Arusha na kule Moshi, ambako ni nadra kukuta ukoo usio na mtu mmoja Toronto, Dallas au Melbourne. Mtu anayetakiwa kupimwa afya ili apewe ukaazi wa kudumu ughaibuni huingia chumba cha daktari kama anayeingia mahakamani, akiamini kwamba kila ugonjwa ni kosa na kila kovu ni ushahidi dhidi yake. Imani hiyo ina ukweli kidogo na upotofu mwingi, na upotofu huo unatokana na jambo moja: katika uchunguzi ule ule, kwa koti jeupe lile lile, mwombaji anaulizwa maswali mawili yasiyo na undugu. La kwanza ni kama atawaambukiza wengine. La pili ni kama atawagharimu. Swali la kwanza ni la tiba, na nalitetea. La pili ni la mhasibu, na kulivalisha koti la daktari kumewafanya watu wetu waogope pasipo kuogopwa na wasijiandae mahali ambapo kweli pana shimo.

Tuanze na historia, kwa ufupi. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1891 ilikataza kuingia kwa watu wenye maradhi ya kuambukiza yaliyohesabiwa kuwa ya hatari au ya kuchukiza, na mwaka uliofuata kituo cha Ellis Island kilifunguliwa katika bandari ya New York. Madaktari walisimama wakiwatazama abiria wakipita kwa foleni, na aliyetiliwa shaka aliandikwa herufi ya chaki begani. Ugonjwa ulioogopwa kuliko yote haukuwa wa moyo wala wa mapafu. Ulikuwa vikope, yaani trakoma, ugonjwa ambao bibi zetu wa nyanda kavu za kaskazini wanaujua vizuri, na kope za abiria zilipinduliwa kwa kulabu ya kufungia vifungo vya viatu. Kampuni za meli zilipobebeshwa gharama ya kuwarudisha waliokataliwa, na baadaye kutozwa faini, zilianza kuwapima abiria wao kabla hawajapanda meli. Hapo ndipo mpaka ulipoanza kusogea kutoka bandari ya kufikia hadi bandari ya kuondokea. Uingereza imefanya vivyo hivyo karibuni zaidi: hadi mwanzoni mwa muongo uliopita wasafiri kutoka nchi zenye kifua kikuu kingi walipigwa eksirei wakishatua Heathrow na Gatwick, na kufikia mwaka 2014 kazi hiyo ilikuwa imehamishiwa nchi wanazotoka. Gharama za nauli, malazi na kipimo zimehama pamoja na mpaka, na anayezilipa leo ni mwombaji.

Kwa mtu wa kaskazini mwa Tanzania hilo lina maana ya kilomita. Nchi hizi hazipokei cheti cha daktari yeyote. Zinamtambua daktari au kliniki iliyoteuliwa nazo tu, na aliyeteuliwa kwa kawaida yuko Dar es Salaam au Nairobi, hata kama Moshi ina hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971 na inayofundisha madaktari. Sababu inayotolewa ni kuzuia vyeti vya kughushi, na sitajifanya kwamba vyeti vya kughushi havipo kwetu. Hata hivyo familia ya watu wanne inayopanda basi alfajiri kutoka stendi ya Arusha, ikalala siku mbili au tatu, ikarudi kwa kipimo cha ziada, inakuwa imelipa sehemu kubwa ya akiba yake kabla afisa wa viza hajafungua jalada.

Sasa kuhusu kifua kikuu, ambacho ndicho moyo wa swali la kwanza. Utaratibu wa Marekani unataka kila mwombaji wa viza ya uhamiaji mwenye miaka 15 na kuendelea apigwe eksirei ya kifua. Watoto wa miaka 2 hadi 14 wanaotoka nchi zenye ugonjwa mwingi hupimwa damu. Kipimo hicho cha damu kilichukua nafasi ya kile cha kudunga ngozi ya mkono, na ni badiliko la maana kwetu, kwani mtoto mwenye kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu, begani anaweza kuvimba ngozi kwa sababu ya chanjo yenyewe na si kwa sababu ya vimelea. Eksirei ikionyesha jambo la kutilia shaka, mwombaji anatakiwa atoe makohozi asubuhi tatu mfululizo. Makohozi hayo hutazamwa kwa hadubini, kisha huoteshwa maabara, na kuotesha huko huchukua hadi wiki nane kwa kuwa kimelea cha kifua kikuu hakina haraka. Vimelea vikiota, mwombaji anatibiwa hadi amalize dozi, akimeza dawa mbele ya msimamizi, ndipo asafiri. Visipoota, kovu linaandikwa katika fomu, anaainishwa katika daraja B badala ya daraja A, na anaruhusiwa kwenda, akishauriwa aonekane na idara ya afya ya huko aendako.

Tazameni tofauti iliyopo hapo. Daraja A ni kizuizi. Daraja B ni taarifa. Mtu aliyewahi kuugua, akatibiwa, akapona, si mtu wa kukataliwa, na kovu lake si siri ya aibu. Ndiyo maana nilimwambia yule kijana aende na bahasha. Weupe ule utaonekana tu katika eksirei mpya, apende asipende. Akiwa na filamu ya zamani, daktari anaweza kulinganisha na kuona kwamba kovu halijabadilika; akiwa na kadi, anaona dawa zilizotumika na muda wake. Asipokuwa navyo, kovu lililopoa na ugonjwa unaoanza vinaweza kufanana. Tena kwa mtu wa Mererani lipo jambo la pili: vumbi la mawe lenye silika huacha mapafuni alama zake lenyewe, ugonjwa uitwao silikosisi, na mchimbaji mwenye silikosisi yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu. Daktari ambaye hajaambiwa kwamba aliye mbele yake alishinda miaka mitano chini ya ardhi akichoronga mwamba anaisoma picha ile akiwa na nusu ya habari.

Kuficha, kwa upande mwingine, hugeuza ugonjwa unaotibika kuwa kosa lisilotibika. Kanada humzuia kwa miaka mitano mtu aliyetoa maelezo ya uongo au kuficha jambo la msingi; kwa Marekani udanganyifu wa namna hiyo hauna muda wa kuisha, isipokuwa mtu apewe msamaha maalumu. Nimesikia dalali mmoja wa kujaza fomu, karibu na Mnara wa Saa, akimshauri mteja ajibu "hapana" kwenye kila swali la afya "ili mambo yasiwe mengi". Dalali anachukua chake siku hiyo hiyo. Matatizo ya jibu lile yatamwangukia mteja.

Lipo jambo linaloniudhi katika hadithi nzima ya kifua kikuu, nalo ni kusahauliwa kwa mchango wetu. Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo, na hilo ni kweli. Lakini ni kweli vilevile kwamba mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, ulioanza mwaka 1977 kwa ushirikiano na daktari Karel Styblo, ndio ulioonyesha kwamba nchi maskini inaweza kuwatibu wagonjwa wake kwa dawa za muda mfupi, kwa kumeza chini ya uangalizi na kuandika kila mgonjwa katika rejista hadi mwisho wa dozi. Katikati ya miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua mwelekeo huo likaupa jina la DOTS na kuupeleka ulimwenguni. Msimamizi anayemtazama mwombaji wa viza akimeza vidonge anafuata desturi iliyokomazwa katika wodi za Tanzania. Na pale Siha, kwenye miteremko ya magharibi ya Kilimanjaro, hospitali ya Kibong'oto imekuwa ikipokea wagonjwa wa kifua tangu mwaka 1926, na tangu mwaka 2009 inatibu hata kifua kikuu sugu. Kadi ya matibabu iliyojazwa vizuri na hospitali ya namna hiyo ni hati yenye uzito, si karatasi ya kuchomwa moto.

Pamoja na utetezi huo wote, swali la kwanza nalo lina dosari, na dosari yake ni saa. Viza za bahati nasibu ya Marekani hutolewa ndani ya mwaka wa fedha wa nchi hiyo, na mwaka huo hufungwa tarehe 30 Septemba. Baada ya hapo hakuna kuongezewa hata siku moja. Wanaochaguliwa ni wengi kuliko viza zilizopo, kwa hiyo kuchaguliwa kwenyewe ni kupewa namba katika foleni. Mtu ambaye usaili wake umepangwa Agosti, akapatikana na kovu, akapewa wiki nane za kusubiri makohozi yaoteshwe, anaweza kuwa mzima kabisa na bado akapoteza nafasi kwa sababu kimelea ambacho hana kilihitaji muda wa kuthibitishwa kwamba hakipo. Kijana wa Mererani alinieleza baadaye zile asubuhi tatu: wanaume sita wamesimama uani kwa zamu, kila mmoja na kikopo chenye mfuniko, wakikohoa kwa bidii ambayo nyumbani ingewatia wasiwasi wake zao, na mhudumu akirudisha vikopo vilivyojaa mate badala ya makohozi. "Siku ya pili sikuwa na kitu kifuani," alisema, "nikaogopa kwamba kukosa nako ni kosa." Alikuwa amepima afya mapema, mwezi Mei, kwa kuwa aliambiwa na mtu mwingine mwenye kovu. Huo ndio ushauri wa maana kuliko wote ninaoweza kuurudia hapa: mwenye historia ya kifua asisubiri kukaribia siku ya mwisho.

Kuhusu virusi vya UKIMWI, mtaani bado inasimuliwa habari ya zamani. Ni kweli kwamba Marekani iliviingiza katika orodha ya magonjwa ya kuzuia wahamiaji mwaka 1987, na kwamba Bunge lake likakaza fundo hilo kwa sheria mwaka 1993. Uamuzi ule ulikuwa wa kisiasa zaidi ya kuwa wa kitabibu, kwani virusi hivyo haviambukizwi kwa kukaa basi moja au darasa moja. Wataalamu wa dunia waliuona hivyo. Mkutano wa kimataifa wa UKIMWI uliokuwa ufanyike Boston mwaka 1992 ulihamishiwa Amsterdam, na mkutano huo haukurudi Marekani hadi mwaka 2012. Kizuizi kiliondolewa tarehe 4 Januari 2010. Imepita zaidi ya miaka 15, lakini bado wapo watu Kiboriloni na Sakina wanaoacha kuomba chochote kwa sababu wanatumia ARV, na wapo wachache, jambo linalotisha zaidi, wanaoacha dawa wiki kadhaa kabla ya kupimwa wakidhani kipimo kitawapita. Kipimo cha kawaida hutafuta kingamwili, na kingamwili haziondoki kwa kuacha vidonge. Kinachorudi ni virusi, kwa wingi. Kanada inapima VVU kwa waombaji wa miaka 15 na zaidi tangu mwaka 2002, ila huko suala limehamia kwenye swali la pili, la gharama, na kwa bei za sasa za dawa wengi hupita.

Chanjo sitaikalia sana. Tangu mwaka 1996 sheria ya Marekani inamtaka mhamiaji wa kudumu aonyeshe amechanjwa, na mtu mzima aliyezaliwa Rombo miaka ya 1980, ambaye kadi yake ya kliniki ililiwa na mchwa, anachanjwa upya. Hata aliye na kadi hukuta mapengo: ratiba yetu ina chanjo ya surua na rubela, lakini haina matumbwitumbwi wala tetekuwanga. Kisa kimoja tu nikitaje, kwa kuwa kinaonyesha jinsi kanuni zinavyoweza kujiendesha zenyewe bila mtu wa kuuliza sababu. Kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja, kuanzia 2008 hadi Desemba 2009, wasichana na wanawake wahamiaji wa miaka 11 hadi 26 walilazimishwa kuchanjwa dhidi ya virusi vya HPV, kwa gharama yao, wakati raia wa kike wa Marekani wa umri huo hawakulazimishwa na sheria hiyo. Hakuna aliyekaa akaamua kwamba saratani ya shingo ya kizazi huambukizwa foleni ya uwanja wa ndege. Sheria ilisema tu kwamba chanjo ikipendekezwa kwa raia, kwa mhamiaji inakuwa lazima.

Ninafika sasa kwenye swali la pili, na hapa nitakaa.

Sheria ya Kanada ya uhamiaji na ulinzi wa wakimbizi, ya mwaka 2001, katika kifungu cha 38, inataja sababu tatu za kiafya za kumkataa mtu: kuwa hatari kwa afya ya umma, kuwa hatari kwa usalama wa umma, na kutarajiwa kuleta mahitaji yaliyopita kiasi kwa huduma za afya au za jamii. Hiyo ya tatu haina uhusiano wowote na maambukizi. Mgonjwa wa figo hamwambukizi mtu figo. Anayepimwa hapo ni bei. Hadi mwaka 2018 kiwango cha gharama kisichopaswa kupitwa kilikuwa dola 6,655 za Kanada kwa mwaka. Mwezi Juni mwaka huo kikazidishwa mara tatu na kuwa 19,965, na gharama za elimu maalumu zikaondolewa katika hesabu. Mwaka 2024 kilikuwa kimefika 26,220. Badiliko la 2018 halikutoka hewani. Mwaka 2005 mahakama ya juu ya nchi hiyo ilikuwa tayari imeamua kwamba kila familia ipimwe kwa hali yake halisi, si kwa jina la ugonjwa. Na mwaka 2016 nchi nzima ilizungumza habari za profesa wa Chuo Kikuu cha York, mwenyeji wa Costa Rica, ambaye yeye na familia yake walikataliwa kwa sababu ya mtoto mmoja mwenye sindromu ya Down, kisha wakakubaliwa kwa msingi wa utu.

Australia inafanya jambo la ajabu zaidi. Huko daktari wa serikali hatakiwi kuuliza mwombaji huyu hasa atatumia kiasi gani. Anatakiwa afikirie mtu wa kufikirika mwenye ugonjwa huo kwa ukali huo, na akadirie mtu huyo wa kufikirika angeigharimu hazina kiasi gani, awe atazitumia huduma hizo au hatazitumia. Kiwango kimekuwa kikipanda, na Julai 2024 kilifika dola 86,000 za Australia. Mwanafamilia mmoja akishindwa, kwa kawaida wote wameshindwa. Mwaka 2008 mji wa Horsham, katika jimbo la Victoria, uliokuwa na uhaba wa madaktari, ulijikuta ukimtetea daktari wake Mjerumani aliyenyimwa ukaazi wa kudumu kwa ajili ya gharama za kufikirika za mwanawe, huku gharama za kumkosa daktari zikiwa wazi kwa kila aliyeishi hapo. Waziri aliingilia kati akamkubalia. Na ili hesabu ile isipingwe mahakamani kama ubaguzi, sheria ya Australia dhidi ya ubaguzi wa watu wenye ulemavu, ya mwaka 1992, ina kifungu kinachoiweka kando sheria ya uhamiaji. Nchi inayojua kwamba inachofanya si ubaguzi isingehitaji kifungu hicho.

Sitaki nieleweke kwamba nchi haina haki ya kuhesabu fedha zake. Hospitali za umma zinaendeshwa kwa kodi, foleni za Toronto si hadithi, na sisi wenyewe tunajua kelele zinazopigwa bima ya taifa inapopunguza dawa moja katika kitita chake. Nakataa mambo mawili. La kwanza ni hesabu ya upande mmoja: Kanada inajumlisha kile ambacho mwombaji atatumia lakini haitoi kile atakachochangia, kodi yake, kazi yake, wajukuu atakaowalea ili wazazi wao waende kazini. Mhasibu wa duka la jumla pale Kilombero akileta daftari lenye matumizi bila mapato, anafukuzwa kabla ya chai ya saa nne. La pili ni kumpa daktari kazi ya kusema "hapana" ambayo si yake. Mwombaji akitoka chumbani anaamini mwili wake umepatikana na hatia, kumbe kilichotokea ni kwamba jumla ya safu ya kulia imezidi tarakimu fulani iliyowekwa na wizara na inayobadilishwa kila mwaka.

Mama mmoja wa Majengo, Moshi, ambaye nitamwita Mama tu, alidhaminiwa na mwanawe aliye Kanada. Alikwenda kupimwa akiwa na hofu ya kifua, kwa kuwa marehemu mumewe aliwahi kulazwa Kibong'oto. Kifua kilikuwa safi. Aliporudi alinipokea kwa bashasha, nilimwamkia, akaitikia marahaba, kabla sijakaa akaniambia, "Baba, wamesema kifua changu ni cha msichana." Hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba figo zake, zinazomfanya asafishwe damu mara tatu kwa wiki, ndizo zingeamua. Laiti angekuwa mke anayemfuata mumewe, kifungu cha 38 kingemsamehe, kwa kuwa wenzi wa ndoa na watoto wanaodhaminiwa na familia, pamoja na wakimbizi, wameondolewa katika hesabu ya gharama. Mzazi hakuondolewa. Kwa mila zetu utaratibu huo umepinduka kichwa chini, maana hapa kumwacha mama nyuma ni jambo la kuelezwa mbele ya ukoo, ilhali mke kuchelewa kumfuata mume halimshangazi mtu.

Kabla sijaendelea, tujitazame na sisi. Sheria yetu ya Uhamiaji, Sura ya 54, inapomtaja mhamiaji aliyepigwa marufuku inamjumuisha mtu mwenye maradhi ya akili, mwenye ugonjwa wa kuambukiza, na anayekataa kupimwa na daktari. Lugha yake inanuka ukoloni, na sijawahi kusikia mjadala wa kuirekebisha katika semina hata moja kati ya hizo zinazojaza kumbi za Arusha. Tofauti ni kwamba sheria yetu haijaweka tarakimu ya gharama. Haijamwomba daktari apige hesabu. Sidhani ni kwa wema. Hatujawa na ukaazi wa kudumu wa namna ya Kanada, wala hazina ambayo wageni wanaipigia foleni.

Mwanawe Mama alipokea barua kutoka ofisi ya uhamiaji ikimtaka ajibu ndani ya siku zilizopangwa kwa nini mama yake asikataliwe. Alifanya ambalo kijana yeyote wa Kichaga mwenye kazi nzuri angefanya: aliandika kwamba atalipa yeye mwenyewe, akaambatanisha taarifa za benki. Wakili ndiye aliyemweleza kwamba ahadi hiyo haina nguvu. Mpango wa kujilipia unaweza kusikilizwa kwa baadhi ya mambo, kama vile dawa za kunywa nyumbani au msaada wa kijamii. Lakini huduma ya hospitali inayolipwa na bima ya umma hailindwi kwa ahadi, kwa kuwa Mama akishakuwa mkaazi wa kudumu anayo haki ya kutibiwa, na hakuna atakayemzuia mlangoni akimdai mwanawe. Kusafisha damu huko hugharimu zaidi ya mara mbili ya kiwango. Kilichobaki ni kuomba huruma kwa misingi ya utu, ombi lenye ada yake, fomu zake, na kusubiri kwake.

Kijana wa Mererani alipata viza wiki mbili kabla ya Septemba kwisha, daraja B, akiwa na bahasha yake ya kaki kwapani. Mama anaendelea kwenda kusafishwa damu Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, na jalada lake bado liko wazi. Mara ya mwisho nilipomtembelea aliniomba nimsomee tena ile barua kwa Kiswahili, polepole, nikamsomea. Nilipofika kwenye tarakimu alinisimamisha, akanituma nikamletee kikokotozi kwenye kabati, tukaigeuza ile 26,220 kuwa shilingi, kisha akataka tufanye hesabu ya miaka kumi na minne aliyomsomesha mwanawe, tangu chekechea hadi kidato cha sita, ada, daftari, sare na nauli, tukahesabu hadi giza likaingia.